Tathmini ya zabuni imekuangusha: uiandikie taasisi, uende kwenye bodi ya mapitio, au ufungue shauri mahakamani?

Barua yenyewe huwa fupi. "Zabuni yako haikufanikiwa kwa kuwa haikukidhi vigezo vya kiufundi," kisha jina la mshindi, bei yake na saini. Umekesha wiki tatu ukikusanya vyeti, wasifu wa wafanyakazi, uthibitisho wa kodi na dhamana ya zabuni, na jibu ni mstari mmoja. Mtu akifika hapo huuliza walio karibu naye aende wapi, na hupata majibu matatu: mmoja anamwambia aandike barua tu, watamwelewa, wakili wake anamwambia waende mahakamani, wa tatu anamwambia kuna bodi ya malalamiko ya zabuni, hiyo ndiyo kazi yake.

Wote watatu wanaweza kuwa sahihi. Sheria ya mfano ya ununuzi wa umma ya UNCITRAL, tume ya Umoja wa Mataifa ya sheria za biashara, toleo la 2011, inaitambua milango hiyo mitatu: kuiomba taasisi nunuzi iuangalie upya uamuzi wake, kwenda kwenye chombo huru cha mapitio, na kwenda mahakamani. Nchi nyingi zina yote mitatu au miwili kati yake, kwa majina na muda unaotofautiana. Nimeandaa zabuni za huduma kwa miaka mingi, hasa za usafi na ulinzi. Nimewahi kulalamika nikasikilizwa, nimewahi kulalamika nikachelewa, na zipo barua nilizozikunja nikaendelea na kazi nyingine. Haya ndiyo ninayomwambia anayenipigia simu akiwa na barua yake mkononi.

Kwanza, kosa lenyewe ni lipi?

Zabuni za huduma ni ngumu kuzipinga kuliko za bidhaa. Jenereta ina uwezo ulioandikwa au haina. Huduma hupimwa kwa mpango kazi, uzoefu, wasifu wa msimamizi, mbinu za kushughulikia dharura, na hapo wajumbe wa kamati ya tathmini wana nafasi halali ya kupima kwa busara yao. Hakuna bodi wala jaji anayependa kukaa kwenye kiti cha kamati na kugawa alama upya. Kwa hiyo hoja ya "tulistahili 18, wametupa 14" huanguka karibu kila mahali, hata kama wewe unaamini kwa moyo wote kwamba mpango wako ulikuwa bora.

Hoja zinazosimama ni za aina nyingine. Kamati imetumia kigezo kisichokuwemo kwenye nyaraka za zabuni, au imebadilisha uzito wa kigezo kilichokuwemo. Wazabuni wawili wameleta kitu kilekile na wakapewa alama tofauti. Hati iliyodaiwa kukosekana ipo. Alama zimejumlishwa vibaya. Mshindi amekosa hati ya lazima na akasamehewa, huku wengine wakienguliwa kwa kosa hilohilo. Bei iliyosomwa siku ya kufungua zabuni si bei iliyotumika kwenye ulinganisho. Mjumbe wa kamati ana maslahi katika kampuni iliyoshinda.

Mimi hutumia vidole. Kimoja kiwekwe kwenye ukurasa wa nyaraka za zabuni unaoeleza kigezo, kingine kwenye ukurasa wa zabuni yako unaokitimiza. Vidole vikikosa pa kutua, usilipe ada ya malalamiko.

Kuna zabuni moja ya usafi wa hospitali ambayo siisahau. Kigezo kilisema msimamizi awe na "uzoefu wa miaka 5 katika kusimamia usafi wa majengo ya afya". Msimamizi wetu alikuwa na miaka 8. Tuliandikiwa kwamba ana miaka 3. Tulikaa na wasifu wake jioni nzima hadi tukaona kilichotokea: mtathmini alihesabu kuanzia tarehe ya cheti cha mafunzo, ambacho mama yule alikipata akiwa tayari kazini, badala ya tarehe ya kuajiriwa iliyokuwa mistari minne juu yake kwenye ukurasa uleule. Hilo ni kosa unaloweza kulionyesha kwa vidole viwili, na mtu yeyote mwenye macho ataliona.

Kuna maswali mengine mawili ya kujiuliza kabla hujagusa mlango wowote. Kosa likirekebishwa, ungeshinda, au angalau ungerudi kwenye kinyang'anyiro? Ukiwa wa tano kwa jumla ya alama na malalamiko yako yanamgusa wa kwanza peke yake, utaulizwa umeumia wapi. Na je, kinachokuuma ni tathmini, au ni kigezo chenyewe? Kama kigezo kilikuwa cha kuonea tangu mwanzo, wakati wake wa kukipinga kwa kawaida ulikuwa kabla ya zabuni kufungwa. Marekani, kwa mfano, pingamizi dhidi ya masharti yaliyo wazi kwenye nyaraka lazima liwasilishwe kabla ya muda wa kupokea zabuni kuisha. Aliyeyaona akanyamaza, akashindana, akashindwa, hasikilizwi.

Sababu za kina ziombwe siku ileile barua inapofika. Katika miradi inayogharamiwa na Benki ya Dunia, mzabuni aliyeshindwa ana siku 3 za kazi za kuomba maelezo. Kwenye zabuni za serikali kuu ya Marekani zinazofanywa kwa majadiliano, ombi la maelezo linatakiwa ndani ya siku 3. Ukikaa wiki nzima ukisononeka, umeshaipoteza haki hiyo.

Vigezo vya kulinganishia

Nitaipima milango yote mitatu kwa mambo matano: muda ulio nao, kama kulalamika kunasimamisha mkataba usisainiwe au kazi isianze, kinachochunguzwa na kwa kina gani, unachoweza kuondoka nacho, na gharama, ya fedha na ya uhusiano.

La pili ndilo zito kwenye huduma. Wodi zitafagiliwa kesho na mlinzi atakaa getini usiku wa leo, kuwe na kesi au kusiwe. Mshindi akishaanza, kila mwezi unaopita ni mwezi wa mkataba ulioliwa ambao hakuna uamuzi utakaoweza kuurudisha. Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako.

Mlango wa kwanza: kuiandikia taasisi yenyewe

*Muda.* Ni mfupi, na una mtego. Baadhi ya nchi zinakulazimisha kuanzia hapa. Tanzania, malalamiko huanzia kwa afisa masuuli wa taasisi, yaani mkuu wake anayewajibika kwa matumizi ya fedha, kabla ya kufika Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma. Ujerumani, mzabuni anatakiwa kuiarifu taasisi kosa ndani ya siku 10 tangu alipoligundua, na ikikataa kulirekebisha ana siku 15 za kwenda kwenye chombo cha mapitio. Kwingine ni hiari. Kenya haimlazimishi mzabuni kupitia kwa taasisi. Anaweza kwenda moja kwa moja kwenye bodi ya mapitio ya ununuzi wa umma. Pale ilipo hiari ndipo mtego ulipo, kwa sababu barua yako inaweza isisimamishe saa ya mlango wa pili.

Ule mtego ulininasa. Tuliandika barua ya heshima, kurasa mbili, tukaambiwa kwa simu kwamba "inafanyiwa kazi". Muda wa kwenda kwenye bodi ulikuwa siku 14. Tulisubiri kwa nia njema, tukiogopa kuonekana wakorofi. Jibu lilikuja siku ya 16, likisema taasisi inasimama na uamuzi wake. Hoja yetu ilikuwa nzuri na hakuna aliyewahi kuisoma kwa kina. Tangu siku ile, nikiandika kwa taasisi naandaa na ombi la bodi, linakaa mezani likiwa limekamilika, na tarehe ya mwisho imeandikwa kwa wino mwekundu ukutani.

*Kusimamisha mkataba.* Inategemea sheria. Marekani, pingamizi likifika kwa taasisi ndani ya siku 10 baada ya mkataba kutolewa, kazi inatakiwa isimamishwe, isipokuwa ofisa wa juu aandike sababu za dharura za kuendelea. Lakini kanuni zao zinasema waziwazi kwamba kulalamika kwa taasisi hakuongezi muda wa kupata zuio kwenye chombo cha juu. Kwingine hakuna kinachosimama, mbali na kipindi kifupi cha kusubiri ambacho sheria huweka kati ya kutangaza mshindi na kusaini mkataba.

*Kinachochunguzwa.* Hapa ndipo mlango huu una nguvu ambayo watu wanaidharau. Taasisi inaweza kuangalia chochote, hata alama zenyewe, maana ni zake. Inaweza kumwita mtathmini na kumwonyesha ule mstari wa nne juu. Haihitaji kubishana juu ya mipaka ya mamlaka yake. Udhaifu wake unaonekana bila kuelezwa: anayekuhukumu ndiye uliyemshtaki. Barua inayomtuhumu afisa masuuli kwa upendeleo, ikapelekwa kwa afisa masuuli huyohuyo, sitegemei iende mbali.

*Unachopata.* Tathmini kurudiwa, au uamuzi kubadilishwa kimyakimya bila mtu kuaibika. Fidia, usiitegemee.

*Gharama.* Karatasi na usiku mmoja. Wakili si lazima, ingawa kumpa mtu mwenye uzoefu asome kabla hujatuma ni jambo la maana. Uhusiano unabaki mzuri ukiandika kwa staha: kosa, ukurasa, kigezo, ombi. Usiandike neno "njama" kama huna ushahidi wa njama.

Mlango huu unamfaa mwenye kosa la wazi la kuhesabu au la kutoona hati, na anayefanya kazi na taasisi ileile mara kwa mara. Haumfai anayeamini uamuzi ulikwishapangwa.

Mlango wa pili: bodi au mamlaka huru ya mapitio

*Muda.* Ni mkali, na hauna huruma. Kenya, chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015, ni siku 14 tangu kuarifiwa au tangu ukiukwaji kutokea, na bodi inatakiwa kumaliza ndani ya siku 21 tangu ipokee ombi. Marekani, pingamizi kwenye GAO, ofisi ya uwajibikaji ya serikali, kwa kawaida ni ndani ya siku 10 tangu ujue msingi wa malalamiko, na uamuzi hutoka ndani ya siku 100. Chombo cha mapitio cha Ujerumani hupewa wiki 5, ingawa muda huo unaweza kuongezwa.

*Kusimamisha mkataba.* Hii ndiyo sababu kubwa ya kuja hapa. Kenya, ombi likiwasilishwa kwa wakati, mchakato wa zabuni unasimama hadi uamuzi utoke. Marekani, zuio hujiwasha lenyewe iwapo GAO itaiarifu taasisi ndani ya siku 10 baada ya mkataba kutolewa, au ndani ya siku 5 baada ya kikao cha maelezo cha lazima. Taasisi inaweza kulivuka kwa sababu nzito za dharura. Angalia kwamba siku zinahesabiwa tangu taasisi inapoarifiwa. Wewe kuwasilisha pingamizi usiku wa siku ya mwisho kunaweza kukupa haki ya kusikilizwa na kukunyima zuio.

Umoja wa Ulaya una kipindi cha kusubiri cha angalau siku 10 kati ya taarifa ya uamuzi na kusaini kama taarifa imetumwa kwa njia ya kielektroniki, 15 kwa njia nyingine. Kipindi hicho kiliingia kwenye maelekezo yao mwaka 2007, miaka minane baada ya mahakama yao kuamua katika shauri la Alcatel la 1999 kwamba mzabuni lazima apate nafasi ya kupinga kabla mkataba haujasainiwa. Mkataba ukishasainiwa kihalali, mara nyingi mlango huu unafungwa. Kenya, sheria inaiondolea bodi mamlaka kabisa juu ya zabuni ambayo mkataba wake umesainiwa kwa kufuata sheria.

*Kinachochunguzwa.* Je, kamati ilifuata vigezo ilivyovitangaza, na je, sababu zake zinaeleweka? Wajumbe wa vyombo hivi wanaijua kazi ya zabuni. Hutalazimika kueleza dhamana ya zabuni ni nini, na wanasoma majedwali ya alama kwa haraka ya kushangaza. Hata hivyo hawagawi alama upya. Wanachunguza pia utaratibu wako wewe, tena kwanza. Kenya sheria inataka afisa masuuli awe mmoja wa wahusika wa shauri, na kumwacha nje kumewahi kuangusha ombi zima. Nimeona watu wenye hoja nzuri wakianguka kwenye ukurasa wa kwanza kwa jina lisiloandikwa.

*Unachopata.* Kufutwa kwa uamuzi, tathmini kurudiwa, wakati mwingine agizo la jinsi ya kuirudia. Mahali pengine gharama za kuandaa zabuni na za shauri. GAO hutoa mapendekezo na si amri, lakini taasisi huyafuata karibu mara zote, na isiyoyafuata huripotiwa kwa Bunge la Marekani. Kuna jambo katika takwimu zao ninalopenda kuwaonyesha wenzangu. Mwaka wa fedha wa 2024, takriban nusu ya walalamikaji waliondoka na nafuu ya aina fulani, wakati mashauri yaliyofikia hukumu na mlalamikaji akashinda hayakufika hata 1 kati ya 5. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni taasisi zilizosoma pingamizi, zikaliona kosa lao, zikaamua kulirekebisha kabla ya uamuzi kutoka. Yaani pingamizi lililoandikwa vizuri mbele ya chombo huru hufanya pia kazi ya ile barua ya mlango wa kwanza, safari hii ikiwa na mtu wa tatu anayetazama.

*Gharama.* Kuna ada, na kwingine amana. Wakili anasaidia sana, hasa pale ambapo zabuni ya mshindi ni siri na wanaoruhusiwa kuiona ni mawakili na wataalamu wao tu, kama ilivyo kwenye utaratibu wa GAO. Uhusiano unatikisika kidogo. Mshindi ataingia kwenye shauri kutetea ushindi wake, na ataichambua zabuni yako kama unavyoichambua yake, kwa hiyo hakikisha hakuna cheti chako kilichokwisha muda.

Mlango huu unamfaa mwenye hoja ya kukiukwa kwa vigezo, aliye karibu na ushindi, anayetaka mkataba usimame wakati anasikilizwa. Haumfai mwenye ghadhabu bila ukurasa wa kuonyesha.

Mlango wa tatu: mahakama

*Muda.* Hapa nchi zinapishana mno. Kenya, asiyeridhika na bodi ana siku 14 za kwenda Mahakama Kuu, ambayo ina siku 45 za kuamua. Kisha siku 7 za kwenda Mahakama ya Rufaa, siku nyingine 45. Mahakama ikishindwa kuamua ndani ya muda huo, uamuzi wa bodi unabaki kuwa wa mwisho. Uingereza haina bodi ya aina hiyo. Chini ya sheria yao mpya iliyoanza kutumika Februari 2025, kipindi cha kusubiri ni siku 8 za kazi na mlango ni mahakama. Afrika Kusini, maombi ya mapitio ya maamuzi ya kiutawala yanatakiwa bila kuchelewa kusikoelezeka, na yasipite siku 180.

*Kusimamisha mkataba.* Uingereza, kesi ikifunguliwa na taasisi ikaarifiwa ndani ya kipindi cha kusubiri, kusaini kunazuiwa kiotomatiki, ingawa taasisi inaweza kuiomba mahakama iliondoe zuio. Kwenye mahakama ya madai ya serikali kuu ya Marekani hakuna zuio la kujiwasha. Unaliomba, unathibitisha kwa nini, na jaji anapima madhara ya kila upande. Kwenye huduma zinazogusa maisha ya watu, mizani hiyo mara nyingi huelemea upande wa huduma kuendelea.

*Kinachochunguzwa.* Uhalali. Je, uamuzi ulifuata sheria, ulikuwa na mantiki, ulikuwa wa haki? Jaji anaweza kwenda mahali ambapo bodi haifiki: kutafsiri sheria yenyewe, kushughulikia haki za kikatiba, kuigusa hata bodi ilipokosea. Alama zako hazimhusu.

*Unachopata.* Amri zenye nguvu kuliko zote, na wakati mwingine fidia. Lakini kuna shauri moja ambalo kila mtoa huduma anapaswa kulijua kabla ya kuandika hundi ya wakili.

Mwaka 2012 shirika la Afrika Kusini la ruzuku za jamii, SASSA, liliipa Cash Paymaster Services kazi ya kulipa ruzuku nchi nzima. Mshindani wake, AllPay, alipinga. Siku chache kabla ya zabuni kufungwa, waraka kwa wazabuni ulikuwa umebadilisha kigezo: uthibitisho wa alama za mwili za mpokeaji, uliokuwa wa kupendelewa, ukawa wa lazima kwa namna iliyowachanganya wazabuni. Mahakama Kuu ikasema mchakato ulikuwa batili ila isiutengue. Mahakama ya Rufaa ikasema zabuni ilikuwa halali. Novemba 2013 Mahakama ya Katiba ikatamka kwamba haikuwa halali. Ushindi mkubwa, na kanuni iliyowekwa pale ni ya thamani: kasoro za utaratibu hazifutwi kwa kusema matokeo yangekuwa yaleyale. Lakini ruzuku za wazee, watoto na watu wenye ulemavu zilikuwa lazima zilipwe mwezi unaofuata. Aprili 2014 mahakama ikaagiza zabuni itangazwe upya, na ikausimamisha ule ubatili ili malipo yasikatike. Mwaka 2015 SASSA ikaamua kutompa yeyote. Mwaka 2017 ikawa haijawa tayari kulipa yenyewe, na mahakama ikalazimika kuongeza mkataba uleule kwa miezi 12. AllPay ilishinda kwenye mahakama ya juu kabisa ya nchi na haikupata kazi.

Silisemi hili ili kukukatisha tamaa. Shauri lile limewalinda wazabuni wengi waliokuja baadaye. Ila mwenye kampuni ya watu 40 wanaosubiri mishahara ajue anachokwenda kukinunua.

*Gharama.* Kubwa kuliko zote, na ukishindwa unaweza kubebeshwa za mwenzako. Kwenye ile mahakama ya Marekani kampuni haiwezi hata kujiwakilisha bila wakili. Uhusiano na taasisi huumia, ingawa nimeona taasisi zikimheshimu zaidi mzabuni aliyewahi kuzipeleka mahakamani kwa hoja safi.

Mahakama inamfaa mwenye mkataba mkubwa wa miaka mingi, mwenye swali la kisheria lililo pana kuliko zabuni yake, au ambaye bodi imekosea waziwazi. Inamfaa pia yule ambaye nchi yake haina mlango mwingine.

Kutopinga pia ni uamuzi

Kuna barua nilizozikubali. Tulikosa kweli. Tuliomba maelezo, tukaandika kila udhaifu walioutaja, na zabuni iliyofuata ilijengwa juu ya karatasi ile. Kama ulizidiwa kwa alama 20 na makosa uliyoyaona yanakurudishia 6, maelezo ya kina yana thamani kuliko shauri. Na kama ulichonacho ni ushahidi wa rushwa, kwa maana ya fedha, ujumbe, majina, huo unahitaji pia chombo cha kupambana na rushwa, kwa sababu bodi ya mapitio itarudisha tathmini lakini haitamshtaki mtu.

Uchague kwa hali yako

Kama hati ipo na wamesema haipo, au hesabu imekosewa, na muda wa bodi unabaki wiki moja au zaidi: andikia taasisi leo, ipe siku tatu au nne kwa maandishi, na uwe na ombi la bodi tayari. Siku hizo zikiisha bila jibu, wasilisha. Simu yenye maneno mazuri isihesabiwe kuwa jibu.

Kama zimebaki siku mbili tatu kabla ya mkataba kusainiwa: nenda moja kwa moja kwenye chombo chenye nguvu ya kusimamisha, pale sheria inapokuruhusu kuiruka taasisi. Isipokuruhusu, peleka barua kwa mkono asubuhi, ichukuliwe kwa muhuri na saa.

Kama mtoa huduma wa sasa ni wewe na umeshindwa: fahamu kwamba mchakato ukisimama huenda ukaongezewa miezi, na kila mtu atajua hivyo. Pinga tu kama hoja yako ingesimama hata bila miezi hiyo. Mwenzako aliyeshinda ameshaajiri watu.

Kama wewe ni mgeni kwenye soko na mshindi ni yule wa miaka yote: bodi ndiyo uwanja ulio sawa zaidi kwako. Omba jedwali la alama, linganisha wewe na yeye kwenye kigezo kimoja kimoja, na upeleke ile tofauti moja au mbili zisizoelezeka. Hoja kumi na tano dhaifu huzizika mbili nzuri.

Kama mkataba umeshasainiwa na kazi imeanza: muulize wakili maswali mawili tu kwanza, je, ulisainiwa ndani ya kipindi cha kusubiri, na je, sheria yetu inatoa fidia. Majibu yote yakiwa hapana, hifadhi fedha yako ya zabuni ijayo.

Na kama umeisoma barua ile mara tatu na bado hujui wamekuangusha kwa kipi, leo usichague mlango wowote. Andika ombi la maelezo, mistari minne inatosha: namba ya zabuni, tarehe ya barua, vigezo unavyotaka vifafanuliwe na alama ulizopata kwa kila kimoja. Litume kabla ofisi hazijafungwa, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri.